Kupaka Lami Upya: Je, Pesa za Kikundi Zitarudi?



Tumekuja kuzungumza juu ya hiyo barabara fupi ya lami inayoingia kwenye ua wa kikundi. Imegeuka kijivu, ina nyufa, na fundi amewaambia ipakwe lami juu yote ing'ae kama mpya. Pesa ni zile mlizochanga kutoka kwa bonasi ya chai. Hizo hizo ndizo mnakopeshana wakati wa karo, kwa hiyo tusikimbie.

Lami huzeeka kwa jua na hewa. Inakuwa ngumu, inapasuka. Kuipaka juu kunazuia maji yasiingie, nayo inadumu zaidi. Hapo fundi hadanganyi. Lakini koti hilo jembamba halibebi gari. Kinachobeba ni mawe na murram iliyoshindiliwa chini, na adui yake ni maji. Na hapa Mogogosiek mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu chai inamea!

Basi inameni mtazame. Nyufa nyembamba za hapa na pale, chini pakiwa pagumu, zinafaa kuzibwa halafu kupakwa. Lakini mkiona nyufa zimeshikana kama magamba ya mamba, au pamebonyea, jueni chini kumeoza. Kupaka hapo ni kufunika kidonda chenye usaha. Pakatwe, pajazwe kokoto, pashindiliwe, ndipo lami.

Na mtaro je? Tumeuona umejaa udongo na nyasi, maji yanakatiza katikati ya barabara. Kuuzibua kunataka majembe na asubuhi mbili za kikundi, senti haitoki. Sisi tungeanza hapo, hata kabla ya kumwita fundi.

Tena kuna lori la majani. Wataalamu wa barabara wanakadiria kwamba ekseli ikibeba uzito mara 2, madhara yanafika karibu mara 16. Kama lori linageukia ndani ya ua, koti halitasaidia sana. Ligeukie nje kwenye murram. Kama ni pikipiki na pikapu tu, na chini ni kugumu, pakeni, lakini si kila mwaka. Ngojeni jua la Januari au Februari, maana lami haishiki penye unyevu.

Mweka hazina apime kwanza. Mita 60 kwa mita 3 ni mita 180 za mraba. Fundi aandike bei ya kila mita ya mraba, na kazi ya kuziba nyufa aiandike kando. Akikataa kuandika, tafuteni mwingine.