TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: SOLA, MKOPO WA MFUKO NA KIBALI CHA KUUNGANISHA KWENYE LAINI YA STIMA



Kwa ambao hawakufika mkutano wa Jumamosi, na kwa waliofika wakakaa nyuma karibu na ile spika iliyokuwa ikikwaruza, haya ndiyo niliyoyasema. Nimeyapanga upya kidogo kwa sababu kuna mahali nilikosea hesabu na Mweka Hazina akanirekebisha mbele ya watu. Ahsante, dada.

Jambo lenyewe ni hili. Wanachama wanne wameomba mkopo kutoka mfuko wetu wa kusaidiana ili wafunge sola. Wawili ni wa nyumba, mmoja wa saluni na mmoja wa kinu cha kusaga mahindi. Wote wameleta kotesheni nzuri, zenye picha za paneli na muhuri. Hakuna aliyeleta barua ya kibali. Nilipouliza nikapata jibu moja kutoka kwa wote wanne: "Fundi amesema chini ya megawati moja haihitaji leseni."

Fundi hakudanganya, ila amesema nusu. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 haikudai leseni ya kuzalisha stima ya matumizi yako mwenyewe ikiwa mtambo wako hauzidi megawati moja. Megawati moja ni kilowati 1,000. Katika tawi letu hakuna wa kufika hata kilowati 50, kwa hivyo hapo sote tuko salama. Lakini kuzalisha ni jambo moja, na kuunganisha na waya wa mtaa ni jambo lingine. Ukifunga paneli, betri na taa zako bila kugusa laini, hayo ni yako. Siku inveta yako inapoungwa na laini ya Kenya Power, umeingia kwenye mali ya watu wengine na kwenye usalama wa watu wengine, na hapo kunahitajika maombi, ukaguzi na mkataba. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 162, inakupa haki ya kuomba mkataba wa mita ya pande mbili ikiwa mtambo hauzidi megawati moja. Kanuni zake zilitoka mwaka 2024. Haki ipo, ila ni haki ya kuomba. Hakuna mahali palipoandikwa ujiungie mwenyewe.

Bwana mmoja akauliza usalama gani, jua si moto. Nitaeleza, maana hapa ndipo watu wanaweza kufa. Transfoma ya mtaani inashusha stima kutoka volti 11,000 hadi hii tunayotumia. Ikipata stima kutoka upande wa nyumba, inafanya kazi kinyume: inapandisha. Stima ikizimwa ili waya ulioanguka urekebishwe, na inveta yako ikaendelea kusukuma, yule kijana aliyepanda mlingoti anashika waya anaodhani umekufa. Inveta nzuri ya kuunga kwenye laini inajizima yenyewe pale stima ya mtaa inapopotea. Ya bei ya kutupa, au iliyochezewa, huenda isijizime. Ukaguzi ni wa hilo kwanza kabla ya jambo lolote la pesa.

Na hapohapo kuna watu watavunjika moyo. Mfumo wa kuunga kwenye laini usio na betri hautakuwashia taa stima ikipotea. Unajizima, kama nilivyosema. Ule usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipoingia gizani, asiye na betri angekaa gizani kama jirani yake, na hata ingekuwa saa sita mchana paneli zake zingekuwa juu ya paa zikiota jua tu. Kama shida yako ni kukatikakatika kwa stima, unachohitaji ni betri, na hiyo ni kotesheni nyingine.

Sasa nije kwenye langu, maana wengine mnajua na mmekuwa mkicheka pembeni.

Mimi nina stashahada ya uhasibu na bado niliingia mkenge. Mama watoto ana duka la samaki wa barafu. Lilikuwa linakula kama uniti 15 kwa siku, 8 mchana na 7 usiku. Fundi akatufungia kilowati 5 na kuziunga kwenye laini jioni moja, bila barua, bila mchoro. Kwa jua letu la pwani mtambo ule ulitoa kama uniti 20 kwa siku. Nikajihesabia faida. Wiki ya pili tokeni zikaanza kuisha haraka kuliko zamani. Nikadhani friji zimeharibika. Kumbe mita yetu ilikuwa ya kuhesabu tu, haijui stima inaingia au inatoka. Mchana tulitumia 8 za jua, 12 zikatoka kwenda mtaani, na mita ikazihesabu zile 12 kama tumezitumia. Ongeza 7 za usiku, jumla 19. Tulikuwa tunalipia uniti 15, sasa tunalipia 19, na paneli tumenunua. Nilizima ule mtambo mwenyewe. Kosa lilikuwa langu: nililipa kabla ya kuuliza.

Zile uniti 12 zingekuwa na maana kama mkataba na mita ya pande mbili vingekuwepo. Lakini hata hapo sikilizeni vizuri, maana ndipo kotesheni zote nne zinapokosea. Kwa kanuni za 2024, uniti moja unayotoa kwenye laini inakurudishia nusu uniti. Ukitoa 12 unaandikiwa 6. Na ni salio la kupunguza stima utakayovuta, si pesa ya kuwekewa kwenye simu. Kwa duka letu ingekuwa: usiku 7, toa 6, tunalipia uniti 1. Hiyo ni nafuu kubwa. Ila si "utauzia serikali stima" kama yule fundi alivyotuambia huku anakunywa chai yetu.

Chukua kotesheni ya mwanachama mmoja wa nyumba, sitamtaja, amekubali niitumie. Baba na mama wanatoka asubuhi, watoto wako shule. Mchana nyumba inatumia uniti 2, usiku 6. Muuzaji amempangia kilowati 5. Hizo zitatoa kama uniti 20, 2 atumie, 18 ziende kwenye laini, aandikiwe 9. Usiku anahitaji 6 tu. Kila siku uniti 3 za salio zinazidi haja yake. Kwa hesabu hiyohiyo, anahitaji kutoa 12 ili apate 6, na 2 za mchana, jumla 14. Kilowati 3 na nusu zinamtosha. Kilowati moja na nusu iliyobaki ni mkopo atakaotulipa sisi kwa ajili ya stima ambayo haitamfaa. Na akihamishia kufua na pasi Jumamosi mchana badala ya usiku, atahitaji pungufu zaidi, kwa sababu uniti unayoitumia jua likiwaka ni uniti nzima, na unayoipeleka kwenye laini ukaidai usiku ni nusu.

Ndiyo maana mwenye kinu ana bahati kuliko sote. Kinu kinasaga mchana, jua linawaka mchana. Kwake karibu kila uniti ni nzima. Shida yake ni moja, nayo nimemwambia uso kwa uso: akaunti ya stima ya kile kibanda bado iko kwa jina la marehemu aliyekiuza. Maombi ni ya mwenye akaunti. Asipobadilisha jina, hata awe na inveta ya dhahabu, fomu itarudi. Mwenye saluni naye amepanga, akaunti ni ya mwenye jengo, kwa hivyo anahitaji mwenye jengo akubali kwa maandishi, na pia wakubaliane akihama paneli ni za nani. Haya mambo madogo ndiyo yanayokwamisha watu miezi.

Mtu akapiga kelele kwamba nusu ni wizi. Mimi naona nusu ni kidogo, sitaficha. Lakini nguzo, waya na transfoma vina gharama, na uniti unayoitoa saa saba mchana si sawa na unayoidai saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa imewasha. Tukitaka ipande tuandike hoja, tuipeleke juu kupitia chama. Na kaunti isijifiche: Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti sehemu yake kwenye mambo ya usambazaji wa stima. Mwenyekiti ameniagiza niandike barua kwa mwakilishi wetu wa wadi tuombe siku moja ya maelezo hapa mtaani, na nitaiweka hapa kabla ya kuituma.

Kwa hivyo kamati imekubaliana hivi kuhusu mfuko. Mkopo wa sola ya kuunga kwenye laini hautatolewa, wala mfuko hautamdhamini mtu kwa muuzaji, mpaka tuone barua ya kukubaliwa kwa maombi. Si risiti ya kupeleka maombi, ni barua ya kukubaliwa. Mkopo wa sola ya betri isiyogusa laini utaendelea kama kawaida, mradi fundi awe na leseni.

Kuhusu fundi: muulizeni leseni ya EPRA na daraja lake. Kwa mfumo unaoungwa kwenye laini mnahitaji daraja la T3. T1 na T2 ni za mifumo midogo. Msimuonee haya, akikasirika kwa kuulizwa mmeokoa pesa. Hakikisheni jina lake EPRA wenyewe, msitosheke na picha ya leseni kwenye simu yake.

Kabla ya kwenda ofisini andaeni namba ya akaunti na jina linalolingana na kitambulisho, ukubwa wa paneli na wa inveta (muandike yote mawili, si kitu kimoja), karatasi za inveta zinazoonyesha kwamba inajizima laini ikikatika, mchoro wa fundi wenye sahihi yake, na bili au tokeni za miezi kadhaa. Hizo za mwisho ni za kwenu na kwetu, tupige hesabu ya ukubwa pamoja. Niko ofisini kwa tawi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni. Mje na karatasi, msije na picha za kotesheni peke yake.

Wale wawili waliopanga kulipa amana wiki hii, tafadhali nipigieni simu kabla ya kulipa. Hata usiku.

Katibu wa Tawi