TUSIUZE MADAFTARI YA BABA ZETU

Hotuba iliyotolewa na Karani wa Elimu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria kwa sababu ya shifti.



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo la tano katika orodha ya leo, yaani ile stoo ya nyuma ya ofisi ya tawi. Mnajua ya kwamba yako mashauri mawili. Shauri la kwanza lasema stoo isafishwe, madaftari ya zamani yauzwe kwa kilo, na chumba kikodishwe kwa mfanya biashara. Shauri la pili lasema chumba kifanywe makumbusho madogo ya wafanyakazi wa ng'ambo, yaani sisi tunaokaa nje ya kisiwa. Mimi nasimama upande wa shauri la pili. Lakini sitaki mtu adhani ya kuwa wenzetu wa shauri la kwanza wana nia mbaya. Wao wataka kodi ya chumba iingie katika mfuko wa kufa na kuzikana, na mfuko huo, kama mjuavyo, ni mtupu. Kwa hivyo yanipasa nijibu kwa hoja.

HAKI ZETU ZILITOKA WAPI

Kijana anayeandikwa kazi leo akifungua Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, atasoma kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, haki ya kufanya kazi mahali panapofaa, haki ya kuingia chama, na haki ya kugoma. Atadhani maneno hayo yalitungwa na mawakili Nairobi. Mawakili waliyaandika, ni kweli. Lakini kabla hayajaandikwa walikuwako watu walioyalipia, na wengi wao walilipa hapa Mombasa.

Kumbukeni kipande. Tangu miaka ya 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mle ndani tajiri aliandika siku aliyokuandika kazi na siku aliyokuachisha. Mtu akitoroka kazi mbaya, kipande kilimsema. Kumbukeni pia neno letu kibarua, ambalo hapo kwanza lilikuwa ile karatasi ndogo ya mtu wa kazi ya siku. Karatasi ikawa jina la mtu mwenyewe.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa ajili ya mishahara na nyumba. Kisha ukaja mgomo mkubwa. Siku ya 13 Januari, 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi bandarini, relini, hotelini na majumbani mwa matajiri. Mji ulisimama kwa siku kumi na mbili. Kila siku watu walikutana Majengo, kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Madai yao yalikuwa mepesi kueleweka. Walitaka malipo sawa kwa kazi iliyo sawa, bila kuangalia rangi. Walitaka posho ya bibi na watoto, maana vitu vilikuwa ghali. Na walitaka heshima. Liangalieni sana hilo la heshima, kwa kuwa haliwezi kuhesabiwa kwa shilingi, nao waliliweka pamoja na mengine.

Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kusema nao, wakarudi kazini kwa ahadi ya kuwa shauri lao litachunguzwa. Nyongeza ikapatikana. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule, kiongozi wa shirikisho lao, Chege Kibachia, alikamatwa, akapelekwa Baringo, akakaa huko kizuizini miaka kama kumi.

Mwezi wa Machi, 1955, wakati nchi imo katika sheria za hali ya hatari, makuli wa bandarini waligoma tena. Tom Mboya alikuja kutoka Nairobi, akasimama mbele ya maelfu, akawasaidia kupata nyongeza ya asilimia 33. Mboya twamjua, barabara zina jina lake. Lakini wale maelfu waliomsikiliza ni nani? Walirudi kulala wapi usiku ule? Majina yao hayamo katika kitabu chochote. Baadhi yao huenda yamo katika vyumba kama hiki cha kwetu, katika madaftari ya ada yanayoliwa na mchwa.

NG'AMBO NAKO KUNA HISTORIA

Mtu akitaka kumwonyesha mgeni historia ya Mombasa, humpeleka Ngome ya Yesu. Ni vema. Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Lakini ikumbukwe ya kwamba ngome hiyo ilikuwa jela ya Serikali hata mwaka 1958, na mwaka 1960 ndipo ilipofunguliwa kuwa makumbusho. Nyumba iliyofungia watu iligeuzwa ikawa nyumba ya kufundishia watu. Basi stoo yetu nayo yaweza kugeuzwa.

Ninalosema ni kwamba mizinga imepata mahali pake, na kuli hajapata. Nasi wa ng'ambo tuna mahali petu pa kukumbuka.

Kisauni iko kengele ya Frere Town, iliyopaita mahali pale Kengeleni. Mji ule ulianzishwa mwaka 1875 na wamisheni wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani, na kengele ilipigwa kuwaonya wakati wa hatari. Matatu zapita hapo mchana na usiku, na utingo huita "Kengeleni! Kengeleni!", na abiria wachache wajua waitwa na nini. Mwaka 1907 ndipo utumwa ulipopoteza nguvu ya sheria katika pwani yetu. Tusifiche jambo hapa: waliomiliki watumwa hawakuwa wageni peke yao, wenyeji wa pwani walikuwamo. Makumbusho yetu yakisema uwongo juu ya hilo, hayatakuwa na haki ya kusema ukweli juu ya matajiri.

Likoni na Mtongwe kuna maji. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu zaidi ya 270, wengi wao wakivuka kwenda kazini na sokoni kisiwani. Mfanyakazi ana haki ya kufika kazini akiwa hai. Haki hiyo nayo ina historia yake, na wenye kuijua ni jamaa za marehemu, ambao wengine wamo humu ukumbini.

Changamwe hapa tuna reli, na tuna kiwanda cha kusafisha mafuta, ambacho kiliacha kusafisha mwaka 2013. Watu waliofanya kazi pale maisha yao yote wangalipo. Ujuzi wao, ajali zao, na mapatano waliyoyapigania hayajaandikwa na mtu.

WENZETU WALIFANYAJE

Tusidhani jambo hili ni geni. Katika mji wa Memphis, Marekani, mwezi wa Februari, 1968, wazoa taka wawili walisagwa ndani ya lori la taka walipokuwa wakijikinga mvua. Wenzao 1,300, karibu wote watu weusi, waligoma. Walitembea barabarani na mabango yenye maneno machache tu, kila mmoja akisema kwamba yeye ni mtu. Dk. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na tarehe 4 Aprili aliuawa kwa risasi kwenye hoteli aliyofikia, Lorraine Motel. Hoteli hiyo leo ni makumbusho ya haki za raia, tangu mwaka 1991. Watu wa dunia nzima huenda pale kwa sababu ya King, na wakifika hukutana na mgomo wa wazoa taka.

Tena katika Cape Town, Afrika ya Kusini, Serikali ya ubaguzi ilitangaza mwaka 1966 kwamba mtaa wa District Six ni wa wazungu. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Mwaka 1994 wenyewe walifungua makumbusho ndani ya kanisa la zamani. Walitandaza ramani ya mtaa sakafuni, na kila aliyehamishwa akaandika mahali nyumba yake ilipokuwa. Ramani hiyo haikuhitaji mamilioni. Ilihitaji watu wanaokumbuka, na kalamu.

KAZI YA CHUMBA CHETU

Makumbusho yakiwa ni kabati la vioo na kufuli, mimi mwenyewe nitapiga kura ya hapana. Chumba lazima kifanye kazi, na kazi zenyewe ni nne.

Kwanza, kukusanya. Kipande cha babu, kulabu ya kuchukulia magunia, kadi ya chama, hati ya mshahara, barua ya kufukuzwa kazi, picha ya sherehe ya Mei Mosi. Kila kitu kiandikiwe risiti, na kibaki mali ya mwenyewe. Asiyetaka kuacha kitu chake, kipigwe picha arudi nacho. Karatasi ziwekwe ndani ya masanduku makavu, mbali na ukuta na sakafu, maana hewa yetu ya chumvi na mchwa wetu havina huruma.

Pili, kusikiliza. Aliyekuwa na miaka 20 katika mgomo wa 1947 leo angekaribia miaka 100. Wa 1955 yu juu ya 90. Wamebaki watoto wao waliopelekwa na chakula bandarini, na wajane wao. Vijana wetu wana simu zenye kurekodi sauti. Waende wakae na wazee, wawaombe ruhusa kwanza, wawaache waseme kwa Kidigo, Kigiriama, Kikamba, Kiluo au Kiswahili, na nakala ipewe familia. Wawaulize kina mama hasa: wakati mume amegoma, sufuria ilipikwa nini? Mgomo huanza uwanjani, lakini hushinda au hushindwa jikoni.

Tatu, kutembea. Tuwe na siku zetu. Tarehe 13 Januari tuseme habari za mgomo. Tarehe 29 Aprili twende Mtongwe na jamaa za marehemu. Tarehe 1 Mei chumba kiwe wazi kabla ya maandamano. Tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, tusome kwa sauti majina yaliyomo ndani ya madaftari.

Nne, kufundisha. Kila mwanachama mpya apitishwe chumbani kabla ya kupewa kadi yake. Walimu wa shule za karibu waalikwe na watoto wao.

JUU YA KODI

Sasa nirudi kwenye pesa, maana mjane hali historia. Hilo nalikubali. Lakini sikilizeni jambo lililotokea katika tawi hili. Mwenzetu mmoja alifariki, na mkewe akadai kiinua mgongo chake. Kampuni ikajibu kwamba kumbukumbu zake zaonyesha marehemu alianza kazi miaka sita baadaye kuliko alivyosema mama. Karani wetu aliingia katika stoo hii hii, akatafuta siku tatu, akatoka na daftari la ada lenye jina la marehemu, mwezi kwa mwezi, na jina la kazi yake. Miaka ile sita ililipwa. Ndugu zangu, daftari lile lingekuwa limeuzwa kwa kilo, leo lingekuwa limekwisha kufungiwa karanga, na mama yule angekuwa amepoteza fedha nyingi kuliko kodi ya chumba ya mwaka mzima.

Huo ndio msimamo wangu. Kumbukumbu ya haki ni sehemu ya haki yenyewe. Mtu asiyeweza kuonyesha alichokipata jana, kesho ataambiwa hakupata kitu, na keshokutwa ataambiwa hakustahili.

Hata hivyo mfuko wa wajane usiachwe. Chumba kina milango miwili, nacho chaweza kukatwa kwa ukuta wa mbao. Sehemu ya mbele, iliyoelekea barabara, ikodishwe, na kodi yote iende kwenye mfuko. Sehemu ya nyuma, iliyo kavu zaidi, iwe ya makumbusho.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ukubali mambo matatu. La kwanza, daftari hata moja lisiuzwe. La pili, chumba kikatwe kama nilivyoeleza, kwa majaribio ya mwaka mmoja, na hesabu isomwe mbele ya wanachama. La tatu, ichaguliwe kamati ya watu sita, wawili Likoni, wawili Kisauni, wawili Changamwe, na katika kila wawili mmoja awe mwanamke.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Mtu mmoja alete kipande, mwingine picha, mwingine jina la baba yake. Umoja ni nguvu.

TANGAZO: Kura juu ya shauri hili itapigwa katika mkutano mkuu ujao wa tawi. Mpaka hapo stoo itabaki imefungwa, na hakuna ruhusa ya kutoa karatasi yoyote. Mwanachama mwenye cheti, kadi au picha ya zamani aweza kumwonyesha Karani wa Elimu ofisini, saa za jioni baada ya kazi.