Nini Kiliwatia Waingereza Hamu ya Nchi za Mbali



Nilipokuwa shule ya misheni nilifundishwa ya kwamba Waingereza walikuja huku kukomesha biashara ya watumwa. Nyumbani, marehemu baba alinieleza kuwa walikuja kutafuta mashamba, basi. Kwa ruhusa yenu nasema kwamba maneno yote mawili yana ukweli, wala hakuna moja linalotosha.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, mkuu wake akiwa William Mackinnon, tajiri wa meli, ilipewa hati ya Malkia mwaka 1888. Yeye alitumaini faida ya biashara. Wakuu wa Serikali nao walikuwa na lao: tangu 1882 majeshi yao yalikuwa Misri, na Misri huishi kwa maji ya Nile, mto ambao tawi lake moja hutoka Uganda. Lakini faida haikuonekana. Mizigo ilikwenda Uganda vichwani mwa wapagazi, safari ya miezi, na mwaka 1891 Kampuni ikaazimia kuiacha nchi ile.

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize sana. Walioizuia Kampuni isiondoke upesi hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa waumini waliochanga maelfu ya pauni kwa mkono wa misheni ya CMS, ili Kampuni ikae mwaka mmoja zaidi. Mwaka 1892 Kapteni Lugard alirudi kwao, akazunguka mijini akihutubia: wafanya biashara aliwapa habari za soko, watu wa makanisa habari za watumwa. Maombi yakamiminika Serikalini. Gladstone, Waziri Mkuu, hakulipenda jambo lile; hata hivyo 1894 Uganda ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Wala tusidhani watu wadogo walilazimishwa. Gazeti la Daily Mail, lililoanza 1896, liliuzwa nusu peni, likijaa habari za vita vya mbali. Mwezi Mei 1900, iliposikiwa kwamba Mafeking imeokolewa huko Afrika Kusini, umati ulijaa njia za London ukishangilia usiku. Mtu asiye na chumba chake mwenyewe aliiona himaya kuwa mali yake. (Nasi tumepata kuwaona watu wakishangilia arusi wasiyoalikwa.)

Sasa tazameni ile michango ilifika wapi. Kuishika Uganda kulidai reli. Reli ikaanza Mombasa 1896, ikafika Ziwani 1901, ikala zaidi ya pauni milioni tano. Fedha zilitakiwa zirudi, na mizigo ya kutosha haikuwapo njiani. Ndipo Kamishna Eliot akawaita masetla, na kwa Sheria ya Ardhi ya 1902 nchi iliyohesabiwa kuwa ya Mfalme ikauzwa, au ikakodishwa kwa miaka 99.

Mama wa Kiingereza aliyetoa shilingi yake kanisani ili mtumwa afunguliwe hakuulizwa kama ataka shamba la mtu wa Kiambu. Wala mwenye shamba hakuulizwa. Mzee mmoja wa chama chetu aliniuliza juzi kama mama yule alikosa. Sikuwa na jibu, nami namwomba alirudie swali lake mbele yenu.