Jina Lako Katika Daftari la Wakopaji



Zamani kule Muleba, aliyetaka kujua nani anadaiwa alimwuliza karani wa chama cha msingi cha kahawa. Siku hizi daftari liko Dar es Salaam. Baada ya Kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ilitoa leseni kwa kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji, na benki husoma taarifa hizo kabla ya kukukopesha.

Ofisini kwetu Bukoba yupo mwenzetu aliyemaliza deni, lakini taarifa ikazidi kumwonyesha kuwa mdaiwa. Ombi lake la mkopo wa ada ya mtoto likakataliwa. Bahati alitunza stakabadhi zote (mtu wa hesabu huyo!). Aliandika barua kwa mkopeshaji na kwa kampuni, akaambatanisha nakala, kumbukumbu zikarekebishwa. Muhula ulikwisha anza.

Ndugu, ombeni taarifa zenu kabla hamjahitaji mkopo. Tazameni jina, namba ya kitambulisho cha taifa, na kila deni mlilokwisha lipa. Vijana, hata mkopo mdogo wa simu waweza kuandikwa humo. Mkiona kosa, pingeni kwa maandishi, nakala mbaki nayo.