Kumfunza Mbwa Mdogo Nyumbani

Leo tunataka tuongee juu ya mbwa. Tunaona wengine mnacheka.

Hapa Kahawa Sukari, ndani ya mageti, kuna wale mbwa wadogo weupe wenye madoa ya kahawia, wasiotulia hata kidogo. Wanaitwa Jack Russell. Watu huwanunua wakidhani mbwa mdogo atakula kidogo na kusumbua kidogo. Kula, ni kweli anakula kidogo.

Lakini huyu si pambo. Jina lake ni la mchungaji Mwingereza wa Devon, John Russell, ambaye mwaka 1819 alinunua jike mmoja aitwaye Trump, akaanza kuzalisha mbwa wa kuwinda mbweha. Ni mbwa wa kuingia shimoni, kuchimba na kubweka bila kuchoka. Sasa ukimfungia kibandani asubuhi mpaka jioni, akitoka kazi hiyo ataifanya kwa kuku wa jirani na kwa miguu ya watoto. Kabla ya kumwita mkorofi, tumuulize mwenyewe amempa kazi gani.

Tuanze na maneno. Baba anasema "sit", mama "keti", nyanya "ikara thĩ". Mbwa asikie lugha tatu, asishike hata moja! Familia ichague neno moja. Mfunzeni dakika tano tu, mara tatu kwa siku, kabla hajala. Akiketi, papo hapo mpe kipande cha nyama kama punje ya mahindi. Ukichelewa, hajui tena anasifiwa kwa nini.

Geti ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, maana nje kuna bodaboda na watoto wa shule. Mfunge kamba kwanza. Shika komeo. Akiruka, achilia. Akiketi, fungua kidogo. Akikurupuka, funga tena. Siku ya kwanza mtachoka nyote wawili.

Kiboko hapana. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, halafu siku moja huuma bila kuonya. Mtoto wa mbwa akikung'ata mkono akicheza, acha mchezo, mgeuzie mgongo, kisha mpe kamba kuukuu atafune.

Na hata aliyefunzwa vizuri lazima achanjwe. Wako wanaosema kijibwa cha ndani hakipati kichaa. Si kweli, mbwa mmoja wa kuzurura akipenya uani, basi. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hesabu yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hapo kikundi kina kazi: andikeni mbwa wote wa mtaa, mpange siku moja, mgawane gharama ya kumleta daktari.

Mtu akiumwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa wala pilipili. Sindano zikianzwa mapema na kumalizwa zote, huokoa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kuna watoto wanaoficha wakiogopa kupigwa kwa kumchokoza mbwa wa jirani. Waambieni mapema, leo jioni: ukiumwa, hata ukikwaruzwa kidogo tu, njoo useme, hutapigwa.