Bibi wa Shaba Juu ya Paa la Mahakama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika baraza ya tawi)



Nimeombwa niseme juu ya uadilifu, nami nitaanzia mbali, juu ya paa la mahakama ya Old Bailey mjini London. Najua wamo barazani wazee ambao neno sanamu haliwapendezi masikioni, wanistahamilie. Nimekuja kuzisoma alama zake tu, kwani sharia za Kiingereza zilituingilia tangu Himaya ya mwaka 1890, na ni haki yetu kujua wenyewe waliweka nini juu ya paa lao.

Sanamu hiyo ni ya mwanamke, kazi ya fundi F. W. Pomeroy. Imesubiwa kwa shaba nyeusi, ikavikwa dhahabu, na urefu wake ni futi 12. Jengo lilifunguliwa mwaka 1907, pale palipokuwa gereza la Newgate. Mkono wa kulia wa bibi huyo umenyanyua upanga, wa kushoto umeshika mizani. Watu wengi husema amefungwa kitambaa machoni. Hakufungwa, macho yake yawazi.

Na kitambaa hicho, mabwana, kilianza kwa kejeli. Mwaka 1494 mjini Basel kilitoka kitabu cha Sebastian Brant cha kuwacheka wapumbavu, na ndani yake mna picha ya mpumbavu akimfunga bibi huyo macho kwa nyuma. Baadaye watu waliigeuza maana, wakasema amefungwa ili asipendelee. Mimi nasimama na bibi wa London. Hakimu asiyemwona tajiri wala maskini huenda pia asizione alama za kipigo mwilini mwa mshitakiwa.

Mizani yake ina vitanga vitupu. Mkulima wa karafuu hahitaji kufunzwa maana ya jambo hili: akifika kituoni na gunia lake, hutazama kwanza kama mizani imesimama sawa ikiwa tupu, ndipo autazame uzito. Mtu aletwaye mahakamani akiwa amekwisha kuhukumiwa majukwaani hukuta kitanga kimoja kimetiwa jiwe kabla hajafungua kinywa.

Upanga ni wa baada ya mizani. Hiyo ndiyo tartibu, lakini shaba haina ulimi wa kuwakumbusha watu. Chini ya bibi huyo huyo, mwaka 1975, watu wanne walitiwa hatiani kwa mabomu ya Guildford, wakafungwa. Walitoka mwaka 1989, ilipodhihirika kwamba polisi walizichezea kumbukumbu za mahojiano yao.

Tusiwacheke Waingereza. Hapa kwetu, tangu mwishoni mwa mwaka 1997, wafuasi wa chama cha CUF walianza kukamatwa kwa shitaka la uhaini, ambalo adhabu yake ni kifo. Wakafika 18, wakakaa rumande. Mwezi wa Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili, nao wakaachiliwa. Hukumu hiyo wengi wetu haijatukaa rohoni mpaka leo, lakini kwayo walitoka. Ninalouliza ni hili: swali lile la sharia halikuhitaji shahidi hata mmoja. Kwa nini lipate jawabu baada ya watoto kukua bila ya baba zao? Upanga ulinyanyuliwa mwaka 1997, mizani ikaja kushikwa mwaka 2000.

Bwana Mwenyekiti, nina ombi moja kabla sijakaa. Kesi husikilizwa hadharani, na mabenchi ya nyuma mara nyingi huwa matupu. Nataka tupate watu wa kwenda kwa zamu, kila kesi inapotajwa, awe mshitakiwa ni mwenzetu au si mwenzetu. Wakae kimya kwa adabu, waandike tarehe, na kesi ikiahirishwa waandike sababu iliyotolewa. Katibu anayo daftari pale mlangoni. Walio tayari wampe majina yao kabla hatujatawanyika.