Ukili, Bei ya Haki na Amri ya Saba



Usharika unapomshukuru Mungu kwa miaka 100, ni vema Jubilei itazame pia kazi ya mikono ya majirani. Katika vijiji vya Unguja, ususi ni kazi ya wanawake tangu kale. Ukindu mchanga hukatwa, huanikwa juani, huchemshwa katika rangi, kisha huchanwa na kusukwa ukili mrefu. Ukili huo hushonwa, mstari kwa mstari, hata ukawa mkeka, mkoba au kawa. Kwa kuwa ususi husubiri shamba, kuni na maji, mkeka mmoja huchukua siku nyingi.

Kazi hiyo ikifika madukani Mji Mkongwe, mgeni hupunguziwa bei, mwenye duka hupata faida, na mchuuzi hupata chake. Msusi, aliyeanza kazi kabla ya wote, hubakiwa na masazo. Asiye na akiba huuza kwa bei yoyote, maana watoto wanangoja chakula.

Martin Luther alilikemea jambo la namna hii. Mwaka 1524 aliandika juu ya biashara, akiwashutumu wafanyabiashara walioona ni haki yao kuuza ghali kadiri wawezavyo, bila kujali dhiki ya jirani. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 alifundisha kwamba Amri ya Saba haimhusu mvunja sanduku peke yake. Humhusu pia yeyote ajinufaishaye sokoni kwa hasara ya mwenzake. Basi mnunuzi anayeifanya njaa ya msusi kuwa punguzo lake naye yumo.

Iko njia nyingine. Wanawake wa ushirika wa Moto walijenga karakana yao Pete, karibu na msitu wa Jozani, na kuuza kazi zao katika duka la Hurumzi, Mji Mkongwe. World Fair Trade Organization, iliyoanzishwa mwaka 1989, ina kanuni 10 za biashara ya haki. Mojawapo humtaka mnunuzi wa kazi za mikono kutanguliza angalau nusu ya malipo, pasipo riba, akiombwa. Hivyo msusi hununua ukindu na rangi bila kuingia katika deni.

Wengi wa wasusi hao ni Waislamu. Lakini Amri ya Saba haiulizi dini ya jirani. Tena mji huu, ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, unajua vema uchungu wa jasho lisilolipwa.

Kwa hiyo usharika unapoagiza mikeka na zawadi za wageni, bei na isikilizwe kinywani mwa msusi mwenyewe, siku zake zihesabiwe, na nusu itangulie. Hiyo nayo ni sadaka ya shukrani.